Mshale kwenye Mstari wa Nane

Mhazili hakuweza kupita karibu na kompyuta ya mtu bila kuigusa. Ungemkuta ameingia ofisi ya kata hapa Nyakahura kuchukua barua tu, mkoba begani, mguu mmoja bado uko nje, na macho yameshafika mezani kwa karani. Siku moja nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Karani, kijana mwenye tai, alikuwa anasukuma kipanya huku na huku, na mshale unarukaruka kwenye kioo, mara kona hii, mara kona ile, naye anakigonga kipanya ubavuni kwa ngumi. Mhazili hakuomba ruhusa. Alikinyanyua, akavuta kitambaa cha plastiki chenye maua kilichotandikwa mezani, akatoa bahasha ya kaki mkobani mwake na kuitandika badala yake. Mshale ukatulia.

"Mama, hii ni ofisi ya serikali," karani alisema.

"Na mimi nimeifanyia kazi serikali kabla hujazaliwa. Hiyo mausi ina taa chini, inasoma meza. Meza yako inang'aa na ina maua. Utasoma nini wewe hapo?"

Akachukua barua yake, akaondoka. Foleni nzima ilicheka isipokuwa karani. Mimi nilicheka pia, ingawa nilikuwa na sababu ya kumwonea huruma yule kijana, kwa maana nilikuwa nimeshapitia mikononi mwa yule mama.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alichapa barua za wakubwa miaka mingi, na alipostaafu cheo kikamganda. Alikodi chumba katika safu ya vyumba vinne mkabala na soko, malori ya Rusumo yanapita mchana kutwa, akaweka kompyuta sita na kufundisha. Chumba cha pili kilikuwa changu. Natengeneza simu, redio na vifaa vya sola. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, na umeme ulipokatika tulitegemea betri zilezile, zilizokaa chumbani kwake. Kwa hiyo nilikuwa na ufunguo wa mlango wake. Jumapili, akiwa kanisani, niliingia kukagua betri. Ufunguo huo nitaurudia, kwa sababu ndio ulionitia aibu ninayoishi nayo.

Hakuwa mtu wa kukaa. Mimi mwenyewe sina subira, mke wangu huniambia nakula kama mtu anayesubiriwa na basi, lakini mbele ya Mhazili nilikuwa mtulivu. Alifundisha akitembea. Nilisikia viatu vyake kwenye sakafu ya saruji tangu asubuhi: hatua sita kwenda, sita kurudi, kisha kimya cha ghafla, na hapo ujue ameinama juu ya bega la mwanafunzi na mwanafunzi huyo anatoka jasho. Chai alikunywa akiwa amesimama mlangoni. Mtu akimletea kiti alikitumia kuwekea mkoba.

Kitu kilichomfanya ajulikane mpaka Biharamulo mjini ni mishale. Walimu wengine wa kompyuta huanza na kuandika jina. Yeye alianza na mshale. Kila mwanafunzi mpya alipewa daftari la hesabu, lile la miraba, akaambiwa ahesabu miraba thelathini na miwili kwenda chini na thelathini na miwili kwenda kando, apige mstari wa kuzungushia, na humo ndani achore kitu cha kwao. Mraba mmoja, rangi moja. Wiki nzima walichora kwa penseli kabla hawajagusa mashine. Baadaye waliihamishia michoro ile kwenye kompyuta, mraba kwa mraba, na kila mmoja akawa na mshale wake. Kompyuta zilikuwa sita na wanafunzi ishirini na zaidi, kwa hiyo ukiketi ukakuta jembe kwenye kioo, unajua nani ametoka hapo. Kulikuwa na jembe, mkungu wa ndizi, msalaba, kandambili, lori lenye taa. Binti mmoja Mwislamu wa familia za zamani za Biharamulo alichora birika, dogo, la bluu, na mpaka leo sijaona kitu kizuri kama kile kikitembea kwenye kioo.

Kijana mmoja wa wafugaji alichora kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndefu. Pembe zilipinda vizuri hata mimi niliitwa kuja kuangalia. Lakini kila alipobonyeza, hakuna kilichofunguka.

"Mwarimu, ng'ombe yangu haigusi," alilalamika.

"Anagusa," Mhazili alimjibu. "Anagusa pale ambapo hayupo. Kila mshale una mraba mmoja tu unaogusa, mingine yote ni mapambo. Wewe umeuacha huku juu kwenye kona, palipo wazi. Ng'ombe wako anachoma hewa. Uhamishie kwenye ncha ya pembe."

Kijana akauhamishia, akabonyeza, faili likafunguka, darasa likapiga makofi. Mhazili hakupiga. Alishafika kwa mwingine aliyekuwa ananung'unika kwamba akizima kompyuta jioni, asubuhi anakuta mshale wake umerudi kuwa ule wa kawaida.

"Umeuhifadhi kwa jina?"

"Sijauhifadhi, Mama."

"Sasa kompyuta ikukumbukeje? Haina undugu na wewe."

Ajabu ni kwamba mshale wake mwenyewe ulikuwa ule mweupe wa kawaida, aliouacha jinsi mashine ilivyokuja. Nilimuuliza kwa nini, yeye anayewachoresha watu mpaka kandambili. Akasema mwenye kufundisha hapaswi kuwa na kitu cha kujionea fahari mbele ya wanafunzi. Na huyohuyo alivaa hereni za dhahabu kila siku, na alipaka wanja hata kwenda shambani. Alikuwa na mambo hayo. Alichukia umbea, lakini kwa sababu alichapia watu barua alijua nani anamshtaki nani kata nzima, na uso wake ulipokuona ulionyesha kwamba anajua. Aliwakemea wanafunzi wasiiogope mashine, kisha radi ikipiga alizifunika kompyuta zote kwa vitenge na kusogea pembeni ya chumba, akisema sala kwa Kihangaza.

Kuhusu Lukole, ile kambi ya wakimbizi kule Ngara, alisema kidogo sana. Enzi za kambi alikuwa mmoja wa waliochapa majina ya wakimbizi waliokuwa wanaingia, kwanza kwa mashine ya kupiga chapa, baadaye kwa kompyuta iliyoletwa hemani. Kipanya cha wakati ule kilikuwa na kigololi cha mpira kinachozunguka tumboni. Vumbi jekundu likaingia, mshale ukakwama, na watu wako nje kwenye mstari juani na watoto migongoni. Kila baada ya saa moja alifungua kile kipanya na kukwangua uchafu kwa njiti ya ufagio. "Mshale ukikwama, jina la mtu linasubiri," aliniambia. Mara nyingine alisema kwamba alishawahi kukosea kubonyeza na familia nzima ikatoweka kwenye orodha, na akalazimika kutoka nje kuwatafuta, hema kwa hema, mpaka akawapata. Nilitaka kujua zaidi. Akaondoka kwenda kumkagua mwanafunzi. Naamini haraka yake yote ilianzia pale, ingawa hakuwahi kuniambia hivyo.

Sasa nieleze alivyonipitisha mikononi mwake. Mwalimu mkuu mmoja kutoka upande wa Ngara aliniletea kompyuta mpakato ambayo mshale wake ulitetemeka na kuruka alipogusa kile kibao cha chini kwa kidole. Nilibadilisha kibao. Ukatetemeka. Nikabadilisha waya wake, nikaweka upya programu, nikasafisha ndani kwa spiriti, vyote kwa mpigo, mchana mmoja. Ukatetemeka. Mwalimu mkuu ameketi pale anaangalia saa. Mhazili akatokea mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Chomoa chaja," alisema.

Nikachomoa. Mshale ukatulia kabisa.

"Rudisha."

Nikarudisha, ukaanza kutetemeka.

"Mashine ni nzima. Umeme wetu wa betri hauna waya wa ardhini, mtu akigusa anaupokea kidogo kidoleni na kibao kinachanganyikiwa. Na wewe umebadilisha vitu vinne kwa pamoja. Mshale ungepona, ungejua umeponywa na nini?"

Nilikasirika, siwezi kuficha. Kesho yake nilichimbia nondo nyuma ya nyumba, nikafunga waya, nikamwagia maji, na tatizo halikurudi. Tangu hapo akanilazimisha kufuata utaratibu wake: badilisha kitu kimoja, andika, jaribu, ndipo uende kwa kinachofuata. Alikuwa na daftari la kila kompyuta. Humo aliandika kila alichogusa, tarehe na matokeo, mpaka kasi ya mshale. Mnaojua mtajua, pale pa kuchagua kasi kuna vimistari kumi na kimoja, kutoka polepole hadi mbio. Kompyuta za wanafunzi ziliwekwa mstari wa sita. Yake ilikuwa wa nane, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi. "Kilichoandikwa humu ndicho kilichopo," alipenda kusema, akigonga daftari kwa kidole. "Kikitofautiana, kuna mtu kaingia."

Mkono ule mwepesi ndio ulioanza kutetemeka.

Mtetemo huo sikuuona kwenye mkono. Niliuona kwenye televisheni aliyotundika ukutani ili darasa zima lione anachofanya. Mshale wake mweupe, mkubwa pale ukutani, ulikuwa ukikaribia kitufe na kuanza kucheza, unakipita, unarudi, unakipita tena. Alianza kutafuta tatizo kwa utaratibu wake. Alibadilisha kipanya, akaandika. Alibadilisha kitambaa cha chini, akaandika. Akaninunulia nondo nyingine nichimbie kando ya ile ya kwanza, akaandika. Wanafunzi walipoanza kuchekea mgongoni mwake nilisikia kupitia ukutani, na roho iliniuma. Kijana mmoja aliiga kwa mkono, wenzake wakacheka. Mhazili alikuwa amegeuka, hakuona.

Jumapili iliyofuata niliingia kukagua betri. Nilikaa kwenye kompyuta yake, nikaishusha kasi ya mshale kutoka mstari wa nane hadi wa tatu. Mshale ukiwa mzito, mtetemo hauonekani sana. Ilichukua muda mfupi kuliko kumimina maji kwenye betri. Nilijiona mtu mwema. Nikafunga mlango, nikaenda kula.

Jumatatu mshale ulitulia zaidi pale ukutani na hakuna aliyecheka. Lakini kabla ya saa nne nilimsikia amesimama. Hatua zilikoma. Baadaye akaja kwangu na daftari mkononi.

"Kuna mtu amegusa mezani kwangu?"

Ningesema hapo. Ulimi ulikuwa mwepesi, neno lilikuwa moja tu. Lakini ningelazimika kumwambia na sababu, kwamba watu wanaucheka mkono wake, kwamba si kipanya wala nondo. Nilikuwa na simu ya mteja imefunguliwa mbele yangu. Nikainama juu yake.

"Hakuna, Mama."

"Una hakika?"

"Ningejua."

Aliirudisha kwenye mstari wa nane. Jumapili nikaishusha. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, majuma sita au saba, yeye anapandisha na mimi nashusha, na hakuniuliza tena. Nilidhani amezoea. Nilidhani labda ameshaelewa na ananishukuru kimoyomoyo. Upumbavu wangu ulikuwa mkubwa kiasi hicho.

Kisha asubuhi moja nilikuta gari la shule ya sekondari mlangoni kwake na vijana wanapakia kompyuta. Aliipa shule zote, na televisheni, na viti. Aliniambia anakwenda Kirushya kukaa kwa kaka yake, amechoka. Nilimuuliza kama ni mkono. Akasema mkono si neno. Alinipa mkono huohuo kuniaga, ukatetemeka ndani ya wangu, na akaondoka kwa mwendo wake uleule wa haraka bila kugeuka. Chumba kile kikakodishwa na muuza mbolea.

Miaka miwili ilipita kabla sijamwona. Niliitwa kufunga sola kwenye nyumba moja huko Kirushya, na nilipomaliza nikauliza kwa kaka yake, nikaelekezwa. Nilipandisha pikipiki katikati ya migomba mpaka uani. Wifi yake alikuwa anapeta maharage. Mhazili alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mlango, mikono mapajani, na hilo peke yake lilinitisha, kwamba ameketi. Hereni hazikuwepo. Mkono wa kulia ulitetemeka waziwazi na hakujaribu kuuficha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Fundi. Betri zangu zinaendeleaje?"

Tulicheka. Wifi alileta ndizi mbivu. Tulizungumza habari za soko, za muuza mbolea, za yule kijana wa ng'ombe ambaye sasa anachapa vyeti Biharamulo mjini. Alikumbuka jina la kila mwanafunzi. Aliniambia hospitali walimpa vidonge vya mkono, kwamba ugonjwa huo hauondoki lakini mtu anaishi nao. Ndipo nikasema kitu nilichokuwa nacho moyoni siku zote, kwamba angeweza kuendelea kufundisha hata hivyo.

"Mkono haukunifungia darasa," alisema. "Mkono ungetetemeka ningefundisha kwa mdomo. Kichwa ndicho kilichoanza kwenda. Niliandika nane, nikakuta tatu. Naweka nane, naandika, wiki inayofuata tatu. Nikakuuliza wewe, ukasema hakuna aliyeingia, na wewe ndiye mwenye ufunguo. Nikajua basi ni mimi. Naamka, nabadilisha, nasahau. Mtu anayesahau alichogusa mwenyewe hawezi kufundisha watoto wa watu."

Wifi yake akaitikia kwa huruma, kama mtu aliyesikia habari hiyo mara nyingi. "Simu yake natunza mimi," aliniambia. "Na funguo. Jikoni haingii peke yake, tunaogopa moto. Hata kusoma somo kanisani ameacha."

"Niliacha mwenyewe," Mhazili alisema.

Nilitazama ile ndizi mkononi mwangu, nikaiweka chini. Nilitaka kupanda pikipiki yangu na kuondoka, na nasema kweli kwamba nilishaanza kuangalia ilipo. Kisha nikasema yote. Jumapili, betri, mstari wa tatu, wanafunzi waliokuwa wanaiga mkono wake, swali lake na jibu langu. Nilisema nikiangalia maharage kwenye ungo, kwa maana sikuweza kumwangalia yeye.

Wifi aliacha kupeta.

"Kila Jumapili?" Mhazili aliuliza.

"Kila Jumapili, Mama."

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau."

"Hata mara moja."

"Hata mara moja, Mama. Nisamehe."

Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, nadhani ilikuwa inahesabu ile miaka miwili. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha akashika ukuta, akaanza kuinuka kwenye kigoda kwa shida. Mimi na wifi tuliruka kwa pamoja. Nilikuwa nimeshamshika kiwiko.

"Niache," alisema. "Wewe umeshanisaidia."

Nikamwachia. Akasimama mwenyewe.

"Naenda kupika chai," alimwambia wifi yake. "Peke yangu."

Akaingia jikoni, akafunga mlango. Tulisikia kiberiti kikikwaruza kikashindwa, kikakwaruza tena kikashindwa, mara tatu, mara nne. Wifi alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyeusogelea mlango.